Ngoma za Syokau

Siku hizi muziki hapa Kasikeu ni wa kubonyeza, lakini zamani tulimwita Syokau atupigie kilumi, ngoma ya mizimu, kwa mikono yake.

Mwaka wa 1993, kanisa likiwa limeshawatawanya wachezaji wa Syokau, mpwa wake Musembi alikuja kuazima ngoma. Alikuwa akishinda kwenye ukumbi wa video kule Malili, akichunguza video za roki nzito ili atengeneze yake.

"Nitapiga mwenyewe?" Syokau akauliza.

"Watu watakuona mpaka Nairobi, mama."

Syokau akaja machimboni, ambako mimi na Musembi tulimsubiri na kamera, amevaa shanga zake zote. Musembi akazimwagia ngoma petroli.

"Kila video niliyotazama ina moto," akaniambia. "Bila moto si roki, mzee."

Mara ya mwisho kuziona ngoma zile, ngozi zilikuwa zikijikunja motoni, na Musembi akimfokea Syokau atoke kwenye picha.