Mtoto Tuliyemtungia Baba

Enzi zetu pale Bwiza, mjini Bujumbura, wenzangu mnakumbuka, mtoto alijua kutofautisha mlio wa bunduki na mlio wa bati lililoangushwa na paka, na akishajua ni paka anarudi kwenye mpira wake. Mpira wenyewe tuliufunga kwa mikono, mifuko ya plastiki ndani, kamba za mgomba nje, na ukikupiga usoni unabaki na alama mpaka Ijumaa. Tulicheza pekupeku kwenye vumbi jekundu. Mchana harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, waliokaangwa ilitoka kila mlango, jioni ikaja harufu ya makaa na chai ya tangawizi, na milimani juu ya mji kule kulikuwa kunanguruma. Mama yangu alikuwa akisema, "Kula kwanza. Vita havijawahi kumngoja mutu amalize sahani."

Niseme mapema mimi ni nani, maana vijana siku hizi wananiona natoka kwenye gari langu pale Kinindo, mtaa wa wenye nazo, wanadhani nilizaliwa humo. Nilizaliwa rupango la Bwiza: vyumba vinatazamana, bomba moja, choo kimoja, kila mtu anajua mwenzake amepika nini na amegombana na nani. Shule niliachia mwaka wa nne wa primeri, vita vikafunga mlango nami sikurudi kuugonga. Lakini leo vitabu vyangu vya hadithi vinasomwa Bujumbura, Uvira na Kigoma. Wenye diploma zao wananiita niketi meza ya mbele, wananimiminia Fanta baridi, wananiuliza: "Mesye Saidi, hadithi zako unazitoa wapi?" Nami hujibu, "Kichwani." Wanapiga makofi, nami nawaacha wapige.

Leo nawaambia ninyi mliokuwepo. Hazikutoka kichwani.

Mnazikumbuka siku za vilmorti. Vijana wa mtaa wanafunga barabara kwa mawe na matairi yanayowaka, hakuna basi, hakuna soko, mji umelala kama maiti na moshi wake mweusi. Siku hizo ndipo walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakitafuta watu wa upande mwingine. Upande gani, sitasema. Aliyekuwepo anajua, na asiyekuwepo haitamsaidia. Sisi Waswahili wa Bwiza na Buyenzi walitupita mara nyingi, wakatuona ni watu wa msikiti na biashara tu. Kwa hiyo ikawa desturi mitaani kwetu, desturi ambayo hakuna aliyeitangaza: jirani akiwindwa, anavishwa kofia na kanzu, au anafungwa mtandio, anapewa jina, anakuwa ndugu. Kuna watu waliingia kwa mlango wa mbele wakiwa Pascal, wakatokea uani wakiwa Hamisi.

Hivyo ndivyo Deo alivyotufikia. Mama yangu aliuza vitumbua sokoni, na siku moja alirudi na beseni kichwani na mtoto mkononi, wa umri wangu, mwembamba, macho makubwa. Alimkuta amekaa chini ya meza tupu sokoni. Alimjua: mtoto wa mpiga pasi mmoja wa mitaa ya kaskazini, mtaa ambao wiki ile watu wake walikuwa wamekimbia au wameuawa. Mama akawaita wote wa rupango, akasema bila kupandisha sauti:

"Huyu ni mutoto wa dada yangu wa Buyenzi. Anaitwa Ramazani. Kuna mutu ana swali?"

Hakuna aliyekuwa na swali. Basi akanigeukia mimi.

"Na we Saidi, mudomo wako haulalaki. Leo ufanye kazi. Mufundishe huyu mpaka akuwe wetu."

Ndugu zangu, mtoto gani aliwahi kupewa kazi kama ile? Walimu wangu walinipiga fimbo kwa sababu ya kusema uongo, sasa mama yangu mzazi ananipa ruhusa! Nilivimba kama kitumbua kwenye mafuta. Nilimketisha Deo nyuma ya choo, kwenye kivuli, nikaanza kumtungia maisha. Nilimpa msikiti, nikampa mwalimu wa madrasa mwenye jicho moja, nikampa bibi aliyezikwa Rumonge. Baba ndiye niliyemtengenezea kwa raha zote.

"Baba yako ni shofere," nilimwambia. "Iko na lori kubwa, mataa mbele, mataa juu, honi ya kuamusha wafu. Anapelekaka mizigo Kigoma."

"Baba yangu anapigaka pasi."

"Huyo ni wa Deo. We ni Ramazani."

"Ramazani hawezi kuwa na baba wa pasi?"

"Sasa we! Nakupa lori, unataka pasi?"

Akakubali, kama mtu anayekubali shati lisilo saizi yake. Fatiha aliishika upesi kuliko mimi nilivyoishika, hilo sikulipenda. Kilichotusumbua ni mkono wake. Alikuwa amesoma kwa mapadri, na kila alipomaliza kusoma, mkono ulipanda wenyewe kwenda kipajini kupiga ishara ya msalaba. Nilimchapa kile kiganja mpaka kikawa chekundu. "Mukono wako ni Mukatoliki," nikamwambia, naye akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka, na mama aliyekuwa akifua kando ya bomba aligeuza uso.

Walikuja asubuhi ya vilmorti. Vijana wanne watano, marungu, mmoja na guruneti kiunoni. Kiongozi wao alikuwa kijana mrefu wa barabara ya pili, mama alimjua tangu akinunua vitumbua akienda shule.

"Mama Saidi, apana ogopa. Tunaangalia tu."

"Angalieni, wanangu. Lakini mufute viatu, nimepiga deki."

Na walifuta! Walahi walifuta, mmoja baada ya mwingine, na marungu yao kwapani. Nimeandika mambo mengi, lakini hilo ningelitunga mngesema nazidisha. Waliangalia vyumba, waliangalia chini ya vitanda, kisha yule mrefu akasimama mbele ya Deo aliyekuwa kaketi mkekani nami, kofia kichwani.

"Na huyu?"

"Mutoto wa dada yangu, wa Buyenzi."

"Aseme mwenyewe. We, unaitwa nani?"

"Ramazani."

"Soma kitu cha Kiislamu."

Deo akasoma Fatiha, safi, bila kukwama. Yule kijana hakuelewa neno hata moja. Angesomewa bei ya ndagala kwa Kiarabu angetikisa kichwa vilevile. Lakini Deo alipomaliza, mkono ule ukaanza safari yake. Niliuona unapanda. Ulipita kifua, ukapita kidevu, ukagusa kipaji.

"Ramazani!" mama akafoka. "Mara ngapi nakuambia uache kuchezea kofia?"

Mkono ukashika kofia, ukaiweka sawa, ukashuka. Mama yangu hakujua kusoma wala kuandika, na mpaka leo sijaandika sentensi iliyofika kwa wakati wake kama ile.

"Baba yako anafanyaka nini?" kijana akauliza.

Nikatulia. Hapo ndipo penye kazi yangu, nikasema moyoni, hapo hawatupati.

"Shofere," Deo akasema. "Anapelekaka mizigo Kigoma. Na lori."

Vijana wakaangua kicheko. "Kigoma na lori? Lori ya baba yako inajua kuogelea?"

Mtoto wa Bujumbura gani hajui kwamba mizigo ya Kigoma inashuka bandarini na kupanda boti? Mimi nilijua! Nilikwenda bandarini kila Jumapili kuangalia wapagazi wanavyobeba mifuko ya saruji, boti ikizidi kuzama chini ya mzigo. Lakini nilipotunga niliutaka uzuri wa lori, nikasahau ziwa. Ziwa Tanganyika zima, ndugu zangu, nililisahau. Na njia ya kusini siku zile ilikuwa ya kuvamiwa, hakuna lori lililothubutu.

Kicheko kikakatika. Yule mrefu aliinua kidevu cha Deo kwa ncha ya rungu. "Mutoto muongo huyu. Baba yako ni nani?"

Nilimtazama Deo nikitaka kumtupia neno, lolote, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu mdomo ulikuwa mtupu.

Deo akasema, "Lori ni maneno ya Saidi. Saidi anapenda vitu vikubwa. Baba yangu anapigaka pasi."

Mama alifumba macho. Nami nikajua kwamba ametoka kwenye nyumba niliyomjengea, yuko nje peke yake.

Lakini alikuwa bado hajamaliza. Alisema pole pole, rungu bado kidevuni. Alisema baba yake alilamba kidole kabla ya kugusa pasi, ikilia *tss* ndiyo imeiva. Kwamba nguo ya mtu haikuruhusiwa kugusa chini hata ikidondoka, alikuwa akiidaka kwa goti. Kwamba kazi yake yeye ilikuwa kupuliza makaa, na cheche ziliruka zikamchoma hapa, akakunja mkono wa kanzu kuonyesha alama ndogo ndogo kama mbegu za nyanya. Akasema:

"Siku hiyo alitoka na mashati ya watu kwenye mukono. Akaniambia, puliza makaa yasizimike, nakuja sasa hivi. Nikapuliza. Nikapuliza mpaka yakakuwa majivu."

Yule mrefu aliziangalia zile alama mkononi.

"Hajarudi?" kijana akauliza.

"Bado."

Hakusema "hapana." Alisema "bado." Yule kijana akalirudia lile neno, taratibu, kama mtu anayelijaribu mdomoni, na sijui alimfikiria nani, maana mwaka ule kila upande ulikuwa na baba aliyetoka akasema anakuja sasa hivi. Rungu likashuka. Akamgeukia mama yangu bila kumtazama usoni.

"Mama Saidi. Huyu mutoto asitoke inje leo. Hata kesho."

Wakaondoka. Kama aliamini, kama alijua, mpaka leo sijui, na nimelizungusha swali hilo tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Ninachojua ni kwamba jina lilikuwa la uongo, na dada wa mama, na kofia, na Buyenzi, vyote vya uongo, na katikati yake mtoto aliweka kitu kimoja kilichomuuma kweli, na kitu hicho kikawashika wote mkono. Nilitetemeka. Watu wanasema mtu hutetemeka kwa hofu. Mimi hofu ilikuwa imeshapita. Nilitetemeka kwa kustaajabu.

Mama alinikuta nyuma ya choo nimejikunja. Akaketi karibu. "Uongo wako ulikuwa na mataa mbele na mataa juu," akasema. "Wake ulikuwa na makaa tu. Umeona gani inaangaza?" Kisha akanipa kitumbua, na Deo aliyekuwa amemfuata nyuma akampa kimoja, tukala watatu.

Deo tulikaa naye mpaka baba yangu, aliyekuwa fundi wa injini, akapatana na baharia mmoja aliyemtengenezea mashine. Tulimsindikiza bandarini asubuhi, kofia kichwani, akapanda boti ya saruji iliyokuwa inarudi Kigoma, kwa mjomba wake. Nilitaka kumwambia maneno makubwa. Nikamwambia, "Ukifika, kumbuka hapa kuna ziwa." Akacheka mpaka baharia akamkemea. Baharia aliporudi akapita kwetu na salamu moja tu: mtoto wenu amefika. Mama aliinama pale pale kwenye vitumbua vyake akasujudu, mafuta yakaungua.

Nilipoanza kuandika, miaka mingi baadaye, duka langu la vyuma likiwa limeshasimama, kitabu cha kwanza nilikijaza malori. Matajiri, majumba, bastola. Nilikisoma kwa sauti mbele ya watu wa barabara yetu, wakapiga miayo hadi nikaona magego. Nikarudi nyumbani, nikachana, nikaanza upya na mtoto anayepuliza makaa. Safari hii muuza samaki mmoja, mama mwenye ulimi wa kukata bati, alisimama katikati ya kusoma kwangu akaondoka. Nilimfuata. Alikuwa ameegemea ukuta. "We mwanaume," akaniambia, "nani alikuambia habari za mume wangu?" Mume wake sikuwahi kumjua. Tangu siku hiyo, nikiandika mfalme au jambazi au malaika, namuuliza kwanza: wewe, makaa yako yako wapi? Asiyejibu namfuta. Wenye diploma hawana somo hilo, nawaambia kwa majivuno yangu yote.

Na vijana wa leo? Ah! Wanaandika kwa vidole gumba, simu mkononi, miguu juu ya kochi. Mashujaa wao wanaitwa Jason, wanaishi kwenye theluji, na mwandishi mwenyewe akipigwa na mvua ya Bujumbura anapata mafua. Binti yangu Mariamu ni mmoja wao. Juzi Jumapili, barazani kwetu Kinindo, upepo wa ziwa ukipita, alinisomea hadithi yake. Msichana anaota mabawa, anaruka juu ya mawingu, anakula keki na nyota. Basi. Hakuna anayemuuliza jina lake, hakuna anayemuuliza baba yake ni nani. Enzi zetu hadithi kama hiyo isingemaliza hata ukurasa, mtu angegonga mlango.

Ulimi wangu ukanyanyuka kumuuliza: na huyu, makaa yake yako wapi? Nikamtazama. Umri wake ni ule ule wa Deo pale mkekani. Mikono yake laini, haina alama hata moja, na anaposubiri niseme kitu anatabasamu bila kuangalia mlangoni.

Nikaumeza ulimi wangu. Nikamwambia, "Endelea, mwanangu. Mpandishe juu zaidi."