Mtafsiri Alisema Amefika

Mdogo wangu alikuwa ameshakubaliana na mtu wa malori: Jumamosi apande lori la kwenda Aru, mpakani, avuke, kisha aendelee jangwani mpaka Ulaya. Nilivutana naye kama ninavyovutana bei na wateja wa vitenge. Nilimwomba abaki mwaka, nikashuka hadi mwezi, nikafika juma moja. Hakukubali hata siku moja.

Basi Alhamisi nikampeleka kwenye kibanda cha video, mtaani Mbunya. Nilisikia iko filamu ya wahamiaji: wanasafiri juu ya paa la treni, majambazi wanawangojea njiani. Nikasema, macho yatamweleza kilichoshinda mdomo wangu.

Filamu ilikuwa ya kigeni. Mtafsiri alikaa kando ya televisheni, mikro mkononi, akiweka Kiswahili juu ya maneno yao. Niliwahesabu waliopanda treni, nikarudia hesabu. Walipokwisha kuvuka mto nikahesabu tena: wamepungua. Mdogo wangu alikuwa anatafuna karanga.

Kisha majambazi wakasimamisha treni. Mkubwa wao akamshika binti mmoja kidevu, akamsemesha. Mtafsiri akasema polepole:

"Weye uko mutu wa wapi?"

Nani mule ndani hajaulizwa hilo kwenye bariera ya wenye bunduki njiani? Jibu linalofaa ni moja, na hujui ni lipi. Karanga zikasimama mdomoni mwa mdogo wangu.

"Asijibu," akanong'ona.

Binti hakujibu. Risasi zikalia, tukaona miguu tu ikikimbia. Mwishoni yuko peke yake, anaongea kwenye simu huku analia. Mtafsiri akasema: "Mama, nimefika salama." Watu wakapiga makofi.

"Umeona, Yaya?" mdogo wangu akasema; ndivyo kwetu aitwavyo dada mkubwa. "Amefika."

Nilikuwa nimelipia viti viwili ili nishindwe. Nje nikamfuata mtafsiri. "Binti alisema vile kweli?"

"Mama, ile luga siisikii. Ninaangalia sura, ninasema."

"Na kile kilio?"

"Batu wakirudi nyumbani na huzuni, kesho hawakuji."

Kumbe hata lile swali alilitoa kichwani mwake. Lilikuwa limeingiaje humo, sikumuuliza.

Tulirudi kwa miguu. Karibu na nyumbani mdogo wangu akasema, "Yule mutu wa lori anasema njia ya kule anaijua yote."

"Ee."

"Lakini yeye mwenyewe iko hapa tu, Bunia."

Mteja akianza kujiuliza mwenyewe, muuzaji hufunga mdomo. Nikafunga.

Jumamosi lori liliondoka bila yeye. Mkoba wake ulibaki nyuma ya mlango, umefungwa. Uko pale mpaka leo. Nikifagia ninausogeza, kisha ninaurudisha palepale.