Mwanabaraka Aendeshwa Istanbul

Mwanabaraka hakuwahi kumwacha bintiye aende hata Marikiti bila kumuuliza atapitia wapi. Roho yake ndivyo ilivyo. Alisoma hadi darasa la tano, kisha akakaa dirishani kwake Mji wa Kale akishona kofia za viua, zile za vitundu vya kudarizi, na kila apitaye chochoroni, yeye humjua na hujua anakokwenda.

Sasa binti huyo, Jihan, alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Istanbul. Abdullah, babake, alishatia sahihi karatasi ya ruhusa. Ya mama ilikuwa bado, na karatasi ilikaa chini ya mto wake wiki ya pili.

"Mji nisioujua njia, simtii mwanangu," alisema.

Jihan akampelekea habari hizo Mwalimu Naomi, aliyemfundisha jiografia shule moja ya Ganjoni. Naomi husomesha kwa namna yake: huonesha ukutani video zilizopigwa ndani ya gari likipita mjini, huku akiwauliza wanafunzi wanaelekea wapi, bahari iko upande gani, nao wamejuaje.

"Mlete," akasema. "Jumamosi tutamwendesha."

Jumamosi Mwanabaraka alikaa kiti cha mbele darasani, mkoba kaukumbatia. Gari la ukutani halijafika mbali akapiga ukelele.

"Mwalimu! Huyu yuwapita upande siwo, atatuua!"

"Umefunga mkanda, mama?" Jihan akamchokoza.

"Nyamaza wewe, natazama njia."

"Kule wote hupita kulia, Mama Jihan," Naomi akamtuliza.

"Wote? Basi mtu akivuka atazame wapi kwanza?"

Naomi akasimamisha video. "Hilo darasa zima halijaniuliza. Kushoto kwanza."

Wakaendelea. Wakapita lango la bweni, duka la mikate, paka watatu juu ya gari bovu. Kisha ukatokea msikiti, na ukuta wake wa nyuma ulikuwa na kibonge kilichotokeza, pale imamu anaposimama kwa ndani. Mwanabaraka akashusha pumzi.

"Simamisha hapo. Huko ndiko kaskazini. Alhamdulillahi, mji nishaujua."

Tangu utotoni hiyo ndiyo dira yake. Akitumwa chochoro asiyoijua, hutafuta ukuta wa msikiti. Mombasa yote mihrabu hutazama kaskazini, na ukishaijua kaskazini nyumbani huwezi kupakosa.

Naomi hakumwambia amekosea. "Hii imepigwa saa sita mchana," akasema. "Kule jua la saa sita hukaa kusini mwaka mzima. Huo ukuta una jua au una kivuli?"

Mwanabaraka akainuka, akausogelea hadi kivuli chake mwenyewe kikaziba barabara.

"Una jua."

"Basi ukuta unatazama wapi?"

"Kusini," akajibu polepole. "Ala! Waliujenga kombo?"

Jihan alicheka hadi akashika tumbo. Naomi akaleta tufe la dunia, akaweka kidole cha Mwanabaraka juu ya Mombasa.

"Nenda Makka."

Kidole kikapanda moja kwa moja. Naomi akakichukua cha mkono wa pili, akakiweka Istanbul. Hicho kikashuka. Vidole viwili vikakutana.

Mwanabaraka akamwashiria Jihan kwa kichwa.

"Kwa hivyo mimi nikiswali natazama kwake, na yeye akiswali yuwatazama kwangu?"

"Karibu hivyo," Naomi akasema. "Mimi Mkristo wa bara, miaka yote nafundisha ramani, na hilo sikuwahi kuliwaza."

"Rudisha nyuma, mwalimu. Tangu lango la bweni."

Walikwenda mara tatu. Mara ya tatu Mwanabaraka ndiye aliyetaja kona zote kabla gari halijazifika, hata paka akawataja.

Nyumbani aliitoa karatasi chini ya mto, akaomba kalamu.

"Jihan."

"Labeka, mama."

"Ukitaka kuvuka?"

"Natazama kushoto kwanza."

Akatia sahihi, herufi moja moja, kama alivyofundishwa darasa la tano.