Udi wa Mtaliano

"Bibi, umeniua! Umeniua mchana kweupe!"

"Nimekuua na unapiga kelele? Maiti za Temeke sie tunazijua, hazifokagi."

Jabiri, mjukuu wangu, alikuwa kichwa ndani ya gari, makalio nje, anapapasa tundu kwenye siti. Tundu lenyewe dogo, kidole gumba kinajaa. Ila kwa kilio alichokiangusha ungesema imeungua nyumba na ya jirani.

"Kaa la moto juu ya ngozi, bibi! Mzee Wilbert anakuja hapa baada ya Alasiri. Nitamwambia nini?"

"Mwambie gari lake limefukizwa, aseme ahsante."

Ngojeni niwaeleze, maana mmeingia ugomvi umeshapamba moto. Jabiri ni fundi makochi. Anashona makochi ya maharusi, viti vya bajaji, hata kiti cha kinyozi kishapita mikononi mwake. Anashonea cherehani ya ngozi aliyoachiwa na babu yake, marehemu mume wangu. Cherehani ile babu yake aliitoa bandarini kaibeba kichwani, nzito kama ng'ombe wawili na ndama, na mie nimekaa juu yake namwelekeza njia. Asiyeamini akaulize, ingawa walioona wote wameshatangulia mbele ya haki.

Sasa Mzee Wilbert ni mstaafu wa Msasani. Ana gari la Kitaliano la anasa, la zamani kidogo, jekundu kama zambarau bichi isiyojua inataka kuiva au vipi. Alilileta livalishwe ngozi mpya. Jabiri akalivalisha, na alipomaliza kushona siti, moyo wake akawa ameushonea humo humo. Tangu hapo tukila wali, Mtaliano. Tukinywa chai, Mtaliano. Naima, mkewe, akaniambia, "Bibi, usiku anataja gia."

Mzee Wilbert naye magoti yamemchoka, maana gari lile liko chini, kuliingia ni kama kuchuchumaa kisimani. Akamwambia Jabiri, "Kama unalipenda, chukua wewe, nitakupunguzia." Asubuhi hii akaliacha uani kwetu tulitazame, akasema atarudi baada ya Alasiri kupokea jibu. Jibu Jabiri alikuwa nalo tayari: akiba yote itoke, na pale panapopungua auze cherehani. Mnunuzi keshampata, Marselino wa Tegeta, anakuja na kirikuu kuibeba alasiri hiyo hiyo.

Hapo ndipo mie na Naima tulipomkalia kitako. Mjue kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni watani, mie namwita mume wangu, na Naima ni mke mwenzangu. Basi nikamuuliza kama mke.

"Mume wangu, ukishauza cherehani, sie wake zako tutakula nini? Usukani?"

"Nitalikodisha kwa maharusi, bibi. Dar nzima watalitaka."

"Lina viti viwili vya kukaa mtu. Bwana harusi kimoja, bibi harusi kimoja. Somo wake anayemsindikiza akae wapi, kwenye buti?"

"Nyuma pana kiti."

"Pale nyuma pa paka," akadakia Naima, "na paka mwenyewe awe ametoka kuumwa."

"Halafu kuendesha," nikasema, "wewe umewahi kuendesha bajaji, na ukaingia nayo kwenye genge la Mwanaheri. Nyanya zake mpaka leo zikisikia jina lako zinaiva kwa woga."

Akacheka, lakini akashika simu akamwambia Marselino aje. Mtu akipenda, mbu wa Tandika humwona njiwa.

Nikaona basi. Nikasema, "Haya, umeshaamua. Lakini kitu kipya hakiingii kwetu bila kufukizwa udi, kijicho ni kingi. Nipe nafasi nilifukize." Hilo hakulikataa, atalikataaje? Hata cherehani siku ilipoingia niliifukiza. Nikawasha chetezo changu, nikatia udi na ubani, nikajikunja nikaingia, nikakaa siti ya dereva, chetezo nimekipakata. Nafukiza juu, nafukiza chini. Na kwa moshi ule nawaambieni nilimwona jini wa Kitaliano akishuka mlango wa pili, kavaa tai, anakohoa. Ndipo kaa likadondoka.

"Lilidondokaje?" Jabiri akauliza, sasa amekaa chini, mikono kichwani.

"Lenyewe. Makaa ya siku hizi hayana adabu."

Naima akaleta maji, akaichungulia ile siti. "Weka kiraka, mume wangu."

"Kiraka? Hii si suruali ya shule! Lazima nivue upande mzima, nikate ngozi nyingine, nishone upya. Ngozi ilibaki kipande, inatosha. Nyuzi ninazo. Nikishona kwa mkono atajua tu, nahitaji..."

Akatazama barazani, pale cherehani ilipokuwa imeshafungwa kamba inamngoja Marselino.

Mie nikatazama angani, kana kwamba kuna ndege.

Jabiri akaenda akafungua zile kamba, fundo moja moja, akaipaka mafuta, akavua ngozi ya siti. Alipoikanyaga ile cherehani ikaanza kunguruma, kru-kru-kru, na kuku wangu waliokuwa wamegoma tangu mfungo mosi wakataga papo hapo. Mkono wake unageuza ngozi kama unageuza mtoto usingizini. Uso nao ukamfunguka. Katikati ya mshono simu ikalia. Akaiweka sikioni bila kusimama.

"Braza Marselino, geuza gari. Siuzi tena." Akasikiliza. "Hapana, si bei. Ningeshaiuza, sasa hivi ningekuwa nimekwisha."

Naima akageukia ukutani, akafuta macho kwa khanga, akasingizia moshi wa udi.

Siti ikarudi mahali pake. Ukitafuta lile tundu hulioni hata ukilipa. Jabiri akakaa ndani, akashika usukani, akaunusa kidogo kama mtu anayemuaga mchumba wa watu. Halafu akanigeukia, jicho moja amelifinya.

"Bibi. Mtani wangu. Sasa tuko wenyewe. Lile kaa, kweli lilidondoka lenyewe?"

Nikasogea, nikamshika bega. "Mume wangu, nitakwambia ukweli wa Mungu, na Naima awe shahidi. Wakati nimekipakata kile chetezo, mkono wangu huu wa kulia..."

"Hodi hapa! Jamani, mbona gari langu linanukia kama bibi harusi?"

Mzee Wilbert alikuwa ameshasimama uani. Nikakifunika chetezo kwa khanga.

"Karibu, baba," nikasema. "Naima, mletee mzee kiti."