Jina la Ng'ombe Wangu Kwenye Wifi

Kosa lilikuwa langu. Nalisema mwanzo ili mtu asijisumbue kunitafutia mwingine.

Siku depo yetu ya fromaji, yaani jibini, hapa kijijini Bihambwe ilipopata antene ya intaneti, fundi aliniuliza, "Mama, mot de passe tuweke nini?" Alitaka neno la siri la kuingilia wifi. Nikamwambia aweke jina la ng'ombe wangu wa madoa, mama wa zizi lote. Nani kwetu anasahau jina la ng'ombe wake? Akaandika, akaenda zake.

Sasa niambie wewe: siri gani inaitwa kwa sauti kila jioni, kilima hiki hadi kile? Muchungaji analiita, mimi naliita. Hata mgeni aliyekaa kwangu dakika kumi alilijua, maana kwetu mgeni hanywi maziwa bila kusikia sifa za ng'ombe aliyeyatoa. Na mimi nilijiona mjanja! Ovyo kabisa.

Majirani walileta maziwa, sisi tukatengeneza fromaji, na kila juma gari lilizipeleka Goma. Karatasi ya safari niliiandika kwenye kompyuta: fromaji ngapi, na namba ya simu ya Papa, mzee wetu anayezipokea kule. Kompyuta haikuwa na kufuli lake. Aliyeingia kwenye wifi aliweza kuzifikia karatasi zangu na kuzibadilisha. Hilo sikulijua.

Siku moja dereva alichukua karatasi yake kama kawaida, akapakia, akaondoka. Saa sita mchana simu ikalia.

"Mama, niko karibu na Sake. Huyu Papa wa kupokea anasema nisifike Goma, nimushushie mizigo hapa hapa."

Nilikuwa na mikono ndani ya maziwa, hasira ikanipanda. "Sasa unaniuliza mimi juu ya nini? Namba yake si iko kwenye karatasi? Mupe!"

Hakukubali. Huyo dereva ni mbishi, na siku ile namshukuru Mungu kwa ubishi wake.

"Mama, hakuniuliza ngombe."

"Nini?"

"Tumeongea mara tatu. Hata mara moja hajauliza kama ngombe ziko muzuri. Papa wetu hawezi."

Papa wetu wa Goma alizaliwa kwenye vilima hivi. Hata alipofiwa na mama yake, nilipopiga kumpa pole, aliuliza kwanza habari za ng'ombe, kisha njo akalia. Nikamwambia dereva afunge milango ya gari, asishushe kitu hata kimoja. Nikakimbilia daftari langu la zamani, la kabla ya kompyuta. Namba ya mle na namba ya kwenye kompyuta hazikufanana.

Yoo, Mungu wangu! Fromaji zile zingepotea, wale majirani wangeniletea tena maziwa kwa imani gani? Depo ingekufa siku ileile. Nikapiga namba ya daftari.

Kabla sijasema jambo, sauti ikasema, "Ngombe ziko muzuri?"

Nililia pale pale, mbele ya ndoo. Kwa furaha, sioni haya kusema. Hakuwa amemwambia mtu yeyote ashushe kitu Sake. Nikamwambia dereva aendelee hadi Goma, akakanyaga mafuta, na jioni Papa akanipigia: zote zimefika.

Fundi nilimpigia simu siku ileile. "Zima antene, Mama, inatosha. Nitakuja kesho kutwa." Nikazima, lakini moyo haukutulia. Nikamkataza muchungaji asitamke tena lile jina. Basi siku mbili tukamwita ng'ombe kwa "we" na "kuya hapa", naye akatuangalia tu kutoka ng'ambo ya bonde. Muchungaji alilazimika kumfuata kwa miguu, akinung'unika njia nzima.

Fundi alipofika alinionyesha kwenye kompyuta: simu moja ambayo hakuna aliyeijua ilikuwa ikiingia kwenye wifi yetu. Ya nani, hatujui mpaka leo. Ila huyo mtu alijua jina la ng'ombe wangu, pengine alikunywa maziwa yangu pia. Hiyo iliniuma.

Fundi akaweka neno jipya, refu, lisilo na ng'ombe ndani. Akaifunga kompyuta kwa neno lake lingine. Wageni akawapa wifi yao pembeni, isiyofika kwenye karatasi zangu. Akaniapisha pia: namba ya mpokeaji ikibadilika, napiga kwanza ile ya daftari.

"Imeisha, Mama. Lile jina sasa halifungui kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Nikatoka nje, nikasimama ukingoni mwa malisho, nikaliita kwa sauti yangu yote. Akainua kichwa, akaja.