Mchezo wa Tonge

Harufu ya mashine ya kusaga ndiyo Kilosa yangu: dizeli, mkanda unaoungua kidogo, na unga wa moto unaopanda puani mpaka unapiga chafya. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mashine za watu binafsi zilichipuka kila kona, na kila nyumba iliyojiheshimu ikaacha dona, unga usiokobolewa, ikahamia sembe. Bibi yangu, mjane wa mkata mkonge, alikuwa wa kwanza mtaani kwetu. "Dona tumekula sana kambini kwenye mkonge, inatosha," alisema. Basi mahindi yakakobolewa, pumba wakala kuku, mayai yakachemshwa yakauzwa stesheni kwa abiria wa treni, na sisi wajukuu tukala ugali mweupe pee kwa mchicha. Yai halikuwa la mtoto. Bibi aliamini kabisa kwamba mtoto akizoeshwa mayai atakuwa mdokozi. Mama alikuwa Mikumi akiuza mitumba kando ya barabara kuu, kwa hiyo jikoni neno la Bibi lilikuwa la mwisho.

Mdogo wangu Shomari, ambaye Bibi alimwita "mume wangu" kama mabibi wanavyowatania wajukuu zao wa kiume, akaanza kuvimba miguu. Akaacha kucheza, akawa mtu wa kulialia tu. Kliniki, nesi alinionyesha kidoti cha uzito kwenye kadi yake kilivyoshuka. "Apewe mayai na maharage. Akishuka tena mwezi ujao, analazwa." Mtoto wa jirani alilazwa hivyo hivyo, na hakurudi. Nilimfikishia Bibi maneno ya nesi, akanijibu, "Kwani mama yako nilimlea kwa kadi?" Niliogopa, jamani, niliogopa mno. Lakini nilikuwa mtoto jeuri, na hasira yangu ilikuwa kubwa kuliko woga.

Nilikuwa darasa la sita, na mwalimu wa sayansi alikuwa ametufundisha safari ya chakula mwilini. Bibi hakusikiliza mawaidha ya mtoto, lakini mchezo hakuukataa hata siku moja. Kwenye bao aliwatoa jasho wanaume. Basi nikachana mfuko wa saruji, nikachora kwa mkaa mdomo, koo, tumbo, utumbo mwembamba uliojikunjakunja, utumbo mpana, na mwisho choo. Dadu nilichonga kwa muhogo mkavu. Kila mchezaji alikuwa tonge. Nilipoujaribu na binamu yangu Zena, nilisema anayefika chooni kwanza ndiye mshindi. Zena akacheka mpaka akajishika mbavu. "Yaani anayeharisha ndiye bingwa?" Loo, kweli kabisa! Nikaugeuza. Mshindi awe yule anayeacha vingi mwilini kabla ya kutoka. Ukipita kwenye utumbo mwembamba unaokota kulingana na ulichokula: punje ya muhindi kwa nguvu, haragwe kwa kujenga mwili, jani kwa kinga. Bila haragwe hushindi, hata uwe na mahindi debe zima.

Alasiri moja nikatandika mfuko wangu uani. Bibi akadaka dadu. "Namchezea mume wangu," akasema. Mimi nikawa abiria wa treni aliyekula yai. Zena nikampa kuku, aliyekula pumba pamoja na kiini cha muhindi, nikamhesabia haragwe. Shomari alikuwa na sembe yake na mchicha, bila haragwe hata moja. Tukacheza, kuku akamshinda Shomari. Tukarudia, kuku akashinda tena. Bibi akatupa dadu chini. "Hebu ngoja! Mume wangu anashindwaje na kuku?"

"Bibi," nikasema, "kuku amekula pumba, abiria amekula yai. Shomari amekula kilichobaki."

"We mtoto una mdomo!" Akasimama, akajifunga kanga kwa nguvu, akachukua beseni la mayai yaliyokwisha kuchemshwa kwa ajili ya treni ya jioni. Nilijua anaondoka, na mchezo wangu umekwisha. Akaketi tena palepale, akamenya yai moja, akalinyunyizia chumvi. "Fungua mdomo, mume wangu. Ukija kuwa mdokozi, shauri la dada yako." Tangu siku ile Shomari alikula yai kabla treni haijapita, na mwezi uliofuata nesi alikiweka kidoti juu ya kile cha zamani.

Leo kazi yangu ni kutengeneza michezo ya watoto ya kwenye simu. Inang'aa, inaimba, inatoa nyota. Mtoto anamaliza mchezo kuhusu lishe bora kisha anadai chipsi. Wenzangu ofisini wanauliza imepakuliwa na wangapi. Mimi nauliza nyumbani kwa mtoto huyo anayepakua chakula ni nani, na kama yeye amecheza. Wananicheka. Wacheke tu. Mchezo wangu wa kwanza ulichorwa kwa mkaa, ukachanika wiki ileile, na Shomari sasa yuko Mikumi, baba wa watoto watatu.