Kinyesi cha bata chini ya mguu wa kushoto

Jamani, leo nimekanyaga kinyesi cha bata, peku, na mpaka sasa nasikia kichefuchefu.

Mnajua tangu nipigwe na kiharusi, mguu wangu wa kushoto ni kama wa kuazima. Naukokota tu. Hausikii baridi wala mwiba.

Mtaalamu wa mazoezi aliniambia nitembee peku, niinue mguu juu, nitazame mbele, nisitazame chini.

Basi kila asubuhi mke wangu, Mama Deo, ananipangia magunzi uani hapa Kizwite. Mimi nayavuka kama jogoo aliyekunywa pombe ya ulezi.

Leo, gunzi la nne, mguu ukatua kwenye kitu laini.

Cha moto! Kinateleza, kinapenya katikati ya vidole. Yaani baridi yote hii ya Sumbawanga, na kile kitu kina moto kama uji. Hata kuandika hapa nataka kutapika.

"Mama Deo! Bata wa jirani wamenimaliza, kinyesi cha moto! Lete maji!"

Akaja na kopo. Akasimama.

"Umeangalia chini?"

"Si nimekatazwa? Lete maji, mwanamke!"

"Sasa umejuaje kama ni cha moto, Baba Deo?"

Ndipo nikautazama mguu.

Ulikuwa ule wa kushoto.

Akaliweka kopo chini, machozi yanamlengalenga. "Usioshe kwanza. Kanyaga tena."

Nikakanyaga tena. Uchafu mtupu, jamani. Nimeusikia wote.

Jirani, najua unasoma hapa. Kesho bata usiwafungie.